Chuo Kikuu Kinapopanuliwa: Kipi Kibomolewe, Kipi Kibaki?

Mkoa wa Mara una Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, chenye makao yake Butiama. Ujenzi wa kampasi ya chuo hicho ni sehemu ya Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaofahamika kwa kifupi kama HEET. Serikali ilianza kuutekeleza mradi huo mwaka 2021 kwa mkopo wa masharti nafuu wa Dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, na fedha hizo zimegawanywa kwa vyuo vikuu na taasisi mbalimbali nchini.

Kwa wakazi wa Murangi na kata nyingine za Musoma, Bunda na Butiama, chuo kikuu kilicho jirani kina manufaa yanayoonekana. Kijana anaweza kusoma bila kusafiri hadi Dar es Salaam au Morogoro, fundi hupata kibarua, na mkulima na mvuvi hupata soko. Hata hivyo, Butiama si uwanja mtupu. Hapo ndipo alipozaliwa Mwalimu Nyerere tarehe 13 Aprili 1922, na hapo ndipo alipozikwa Oktoba 1999, katika eneo la Mwitongo. Makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa tarehe 2 Julai 1999, yeye mwenyewe akiwa bado hai. Upo pia msitu wa Muhunda, ambao kwa Wazanaki ni mahali pa heshima tangu enzi za mababu.

Chuo kinapokua karibu na mahali penye kumbukumbu za namna hiyo, huzuka swali ambalo miji mingine ya Afrika Mashariki imekwisha kukutana nalo: kipi kibomolewe ili kupisha majengo mapya, na kipi kibaki kwa kuwa kikiondoka hakirudi? Makala haya yanaeleza namna swali hilo linavyojibiwa, sheria inasema nini, na mwananchi wa kawaida ana nafasi gani katika uamuzi huo.

Funzo kutoka Makerere

Mwalimu Nyerere alipomaliza masomo ya sekondari Tabora, Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Alikwenda Kampala, akasoma katika Chuo cha Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Makerere ilikuwa imeanzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na Jengo Kuu lake lilijengwa mwaka 1941, miaka miwili tu kabla ya kijana huyo wa Butiama kufika. Kwa miaka karibu 80 jengo hilo jeupe lenye mnara ndilo lililokuwa sura ya chuo. Ndani yake zilikuwamo ofisi za utawala na sehemu ya kumbukumbu za chuo.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 20 Septemba 2020, Jengo Kuu liliungua. Paa liliporomoka na ghorofa za juu zikateketea. Asubuhi yake uongozi wa chuo na Serikali ya Uganda walikabiliwa na uamuzi mzito. Kuta zilikuwa bado zimesimama, lakini moto ulikuwa umezidhoofisha. Je, zikarabatiwe hivyo hivyo? Je, paanzishwe jengo la mtindo mpya kabisa, lenye nafasi kubwa zaidi? Au lijengwe upya jengo linalofanana na lile la mwaka 1941?

Uamuzi uliofikiwa ni huo wa tatu. Mabaki yaliyodhoofika yaliondolewa, na jengo likainuliwa upya kwa sura ileile ya nje, huku sehemu ya ndani ikipangwa kwa kuzingatia mahitaji ya sasa. Lilizinduliwa Oktoba 2024.

Yapo mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza ni kwamba kujenga upya kwa sura ya awali kuliwezekana kwa kuwa sura hiyo ilikuwa imehifadhiwa katika picha na katika kumbukumbu za watu waliolifahamu jengo. Jengo lisilo na mchoro, picha wala vipimo likishaanguka limekwenda. La pili ni kwamba jengo la mfano si lile la asili. Mgeni anayelitazama leo anaona umbo alilolifahamu Mwalimu, lakini hazioni kuta zilezile alizopita akiwa mwanafunzi. Hakuna fedha inayoweza kuzirudisha. Ndiyo maana wataalamu wa malikale husisitiza kulilinda jengo likiwa zima, kwa kukagua nyaya za umeme, kuweka vizima moto na kutunza nakala za nyaraka mahali pengine, kabla ya kufikiria namna ya kulijenga upya.

Mlimani: jipya kujengwa pembeni ya la zamani

Hapa nchini, mfano ulio wazi zaidi ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha Taifa, na Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wa Chuo wa kwanza.

Majengo ya miaka ya 1960 pale Mlimani yaliwekwa kwa kufuata mteremko wa kilima na kwa namna ya kuruhusu upepo kupita. Mashuhuri kuliko yote ni Ukumbi wa Nkrumah. Watanzania wengi ambao hawajawahi kufika Mlimani wanaufahamu, kwa kuwa picha yake ilikuwa nyuma ya noti ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2010. Noti hiyo ilikoma kutumika Aprili 2025, lakini ukumbi wenyewe ungali unatumika.

Mahitaji ya chuo hicho yameongezeka mno kuliko yalivyokuwa wakati wa waasisi wake. Mwaka 2017 yalizinduliwa mabweni mapya yenye majengo 20, yakiwa na uwezo wa kupokea wanafunzi 3,840. Mwaka 2018 ikafunguliwa maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi kwa wasomaji takribani 2,100 kwa wakati mmoja. Katika kupata maktaba hiyo haikulazimu kuivunja ile ya awali. Jipya lilijengwa mahali pengine ndani ya eneo la chuo, na la zamani likaendelea kuwapo.

Njia hiyo huwezekana pale ardhi inapotosha. Ndiyo sababu mpango wa matumizi ya eneo zima la chuo, unaoonesha sehemu ya madarasa, mabweni, mashamba ya mafunzo, barabara na maeneo ya kuachwa wazi, ni waraka muhimu kuliko mchoro wa jengo lolote moja. Chuo kilichopanga eneo lake mapema hakilazimiki baadaye kuchagua kati ya kitanda cha mwanafunzi na kumbukumbu ya taifa. Chuo kinachojenga pale penye nafasi kwa siku hiyo hufikia mahali ambapo kila jengo jipya linahitaji la zamani livunjwe.

Sheria inalinda nini

Wananchi wengi hudhani kwamba kila jengo la zamani linalindwa na sheria. Sivyo ilivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, inalinda moja kwa moja majengo na miundo iliyojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya mwaka huo halipati ulinzi mpaka Waziri mwenye dhamana alitangaze rasmi katika Gazeti la Serikali kuwa ni la kuhifadhiwa.

Maana yake kwa majengo ya elimu ni kubwa. Shule za wamisionari, shule za serikali za enzi ya ukoloni na majengo ya vyuo vikuu yaliyofuata Uhuru yote yako upande wa pili wa mwaka 1863. Shule ya Msingi Mwisenge mjini Musoma, ambako Mwalimu alianza masomo mwaka 1934, ni mfano wa mahali ambapo thamani yake haitokani na ukongwe wa kuta, bali na aliyeketi ndani yake. Thamani ya namna hiyo haionekani kwa mkandarasi anayepima nyufa. Inapaswa kusemwa na watu wanaoijua.

Sheria nyingine inayohusika ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Inautaka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya ujenzi kuanza, chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Neno mazingira hapa halihusu miti na maji pekee. Linahusu pia makaburi, maeneo ya matambiko, njia za asili na majengo yenye historia. Katika tathmini hiyo, maoni ya wananchi wanaoishi karibu na mradi ni sharti la kisheria. Hayaombwi kama fadhila.

Kwa miradi inayogharamiwa na Benki ya Dunia, kama ulivyo HEET, kuna viwango vya ziada vya mazingira na jamii, na kimojawapo kinahusu urithi wa utamaduni. Kiwango hicho kinataka uwepo utaratibu wa kufuata endapo mafundi watakuta kitu cha kale wakati wa kuchimba msingi. Mifupa ya binadamu, vyungu vya kale, zana za mawe au mabaki ya makazi yakionekana, kazi husimamishwa mahali hapo, eneo huzungushiwa uzio, na taarifa hupelekwa kwa mamlaka husika kabla ya kuendelea. Kijana aliyepata kibarua cha kuchimba msingi anapaswa kulifahamu hilo, kwa kuwa mara nyingi jembe lake ndilo la kwanza kugusa kitu hicho.

Maswali matatu na njia nne

Wataalamu wanapoamua hatima ya jengo la zamani ndani ya chuo, kwa kawaida huanza na maswali matatu. Kwanza, jengo hilo lina uzito gani katika historia ya jamii, na je, lipo lingine linalofanana nalo? Pili, hali yake ikoje: msingi, kuta, paa na nyaya? Tatu, linaweza kutumika kwa kazi gani leo bila kuharibiwa sura yake?

Majibu ya maswali hayo huelekeza kwenye mojawapo ya njia nne.

Njia ya kwanza ni kulihifadhi kama lilivyo, likawa makumbusho au mahali pa kumbukumbu. Njia hii hufaa pale ambapo kila kitu, hata samani, kina maana. Gharama yake ni kwamba jengo halitatoa darasa wala bweni, na matunzo yake yatahitaji bajeti kila mwaka.

Njia ya pili ni kulikarabati na kulipa kazi mpya. Boma la Kale jijini Dar es Salaam, lililojengwa katika miaka ya 1860, tangu mwaka 2017 ni kituo cha urithi wa usanifu majengo. Chuo cha Butiama nacho kilianza kwa kutumia majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari ya Oswald Mang'ombe. Majengo yaliyokwisha kutumika yakapata kazi nyingine badala ya kuachwa yaoze.

Njia ya tatu ni ile ya Mlimani, ya kujenga jipya pembeni na kuliacha la zamani. Njia ya nne ni kubomoa, baada ya jengo kupigwa picha, kupimwa na kuchorwa, na wazee waliolifahamu kusimulia habari zake zikaandikwa. Kubomoa si kosa kila mara. Yapo majengo ambayo yamechoka, au ambayo paa lake ni la asbesto inayodhuru mapafu, na ambayo hayana historia ya pekee. Kosa ni kubomoa kwanza na kuuliza baadaye.

Kuhifadhi nako kuna gharama

Ni haki kusema pia upande wa pili. Jengo la kale lililoachwa bila matunzo ni hatari kwa watu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la kifalme la Zanzibar lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili walipoteza maisha. Jumba hilo lilipendwa na kusifiwa na dunia nzima, lakini sifa haishikilii ukuta. Wahenga walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika majengo ya kale wakati mwingine hata nafasi ya kuujenga tena haipatikani.

Ukarabati nao unahitaji ujuzi wake. Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa, ambayo hupumua na kuruhusu unyevu kutoka. Fundi akizipiga lipu ya saruji kwa nia njema, unyevu hufungwa ndani, na baada ya misimu michache ya mvua ukuta huanza kubomoka kutoka ndani. Kwa hiyo fedha ya ukarabati bila fundi anayeijua kazi hiyo inaweza kuharibu kuliko kuacha. Vilevile, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike na watu wote. Jengo la kale lenye ngazi nyingi halina budi kuongezewa njia ya mteremko, na msanifu ndiye atakayetafuta mahali pa kuiweka pasipoharibu sura ya jengo.

Mzazi ambaye mwanawe amekosa bweni anayo haki ya kuuliza kwa nini fedha itumike kwenye kuta za zamani. Jibu la haki si kumwambia kwamba historia ni muhimu, kisha basi. Ni kumwonesha mahesabu: jengo linaweza kutumika vipi, litagharimu kiasi gani likikarabatiwa na kiasi gani likijengwa jipya, na eneo gani jingine linaweza kuwekwa bweni. Mahali ambapo mahesabu hayo yamewekwa wazi, mabishano hupungua.

Nafasi ya mwananchi

Uamuzi wa kujenga chuo kikuu hufanywa na Serikali Kuu na uongozi wa chuo, si na halmashauri wala kijiji. Hata hivyo, yapo mambo ambayo mkazi wa kata anaweza kuyafanya, na wakati wa kuyafanya ni kabla michoro haijapitishwa.

Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu wa serikali za mitaa hufanyika kila baada ya miezi mitatu, ndio mahali pa kwanza pa kuuliza. Wananchi wanaweza kutaka waelezwe mradi ulioko jirani unagusa maeneo gani, na kama yapo makaburi, miti ya mikutano, visima vya kale au majengo ya zamani yanayohusika. Hoja hiyo huingizwa katika muhtasari wa mkutano, ikapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani akaifikisha katika vikao vya halmashauri. Neno lililoandikwa katika muhtasari lina nguvu kuliko malalamiko ya kijiweni.

Wataalamu wa tathmini ya mazingira wanapofika kijijini kukusanya maoni, wazee wasiachwe nyumbani. Mara nyingi mikutano hiyo huhudhuriwa na vijana wanaotarajia ajira, na ajira ni jambo jema. Lakini anayejua kwamba chini ya mti fulani palizikwa watu, au kwamba jengo fulani lilikuwa darasa la kwanza la eneo hilo, mara nyingi ni mzee ambaye hakuambiwa kuwa kuna mkutano. Akina mama nao huyajua maeneo ya maji na ya mazishi ambayo hayapo kwenye ramani yoyote.

Kila halmashauri ina Afisa Utamaduni, na kupokea taarifa za maeneo ya kihistoria ni sehemu ya kazi yake. Familia au shule yenye picha za zamani za majengo ya umma inaweza kumwonesha zikapigwa nakala, na picha zenyewe zikabaki kwa mwenyewe. Walimu nao wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuwahoji wazee kuhusu majengo ya shule zao: yalijengwa lini, nani alifyatua matofali, nani alifundisha hapo. Kazi hiyo haihitaji fedha, na siku jengo litakapohitaji ukarabati au kuvunjwa, daftari hilo ndilo litakalokuwa ushahidi.

Endapo ujenzi umekwisha kuanza na mwananchi anaona eneo la kumbukumbu linaharibiwa, hatua ya kwanza ni kutoa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata. Miradi yenye fedha za Benki ya Dunia inatakiwa pia kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko. Mwananchi anayo haki ya kuuliza dawati la malalamiko liko wapi, kuandikishwa lalamiko lake na kupewa jibu.

Chuo kikuu kilichobeba jina la Mwalimu kitahitaji maabara, mabweni, barabara na umeme, na havitasubiri. Kitahitaji pia majirani wanaojua kila mti na kila ukuta una habari gani, na waliozisema habari hizo mapema. Wazee wakisema leo, mstari wa ramani unaweza kusogezwa kwa kalamu. Wakisema baada ya tingatinga kupita, kitakachobaki ni lawama, na lawama haijengi upya kilichovunjwa.